Chumba cha Rangi ya Kaniki

Mjukuu wangu amepaka sebule yake ya Nairobi rangi ya buluu iliyokolea, ile yenye weusi kidogo na ujivu kidogo, akaniita niione. Akanisimamisha katikati ya chumba, akaanza kunisomesha. Eti rangi hii haina makelele. Eti inatuliza moyo. Eti watu huogopa giza ukutani bure, kumbe ukuta wa giza huzificha pembe na chumba kikaonekana kikubwa. Nikamsikiliza kwa adabu mpaka mwisho, maana nilikuwa nakunywa chai yake. Kisha nikamwambia, mwanangu, rangi hiyo mimi niliipaka Garissa, wakati wa vita vya shifta, kwa masizi ya sufuria, na tumboni nilikuwa na mamako. Usinifundishe ukuta.

Akacheka akidhani natania. Basi nikakaa nikamsimulia.

Mimi ni mtu wa Pwani. Niliolewa Garissa na Msomali mwenye duka la nguo na sukari, na nyumba aliyonipeleka ilikuwa nzuri kwa wakati ule: kuta za udongo zilizopigwa lipu, mabati juu, na ndani chokaa nyeupe pe. Adhuhuri mwanga ukiingia mlangoni na kupiga ukuta wa pili, macho yalitoka machozi. Mimi nilijivunia. Nilikuwa nikiupangusa ukuta kwa kitambaa kila Ijumaa, na mgeni akiuegemea nilimtolea macho mpaka aketi wima.

Vita vilipopamba moto, watu wa porini wakaamriwa wasogee karibu na miji, na mama mkwe wangu akaletwa kwetu juu ya lori lililotoka Modogashe. Aliteremka na mkeka mmoja na kibuyu cha maziwa kisicho na maziwa. Ngamia wake walikuwa wamekwisha. Walikwishaje, hakusema, na mume wangu alinikonyeza nisiulize. Nyumba yake, ile aqal ya miti iliyopindwa na kufunikwa mikeka, ambayo mwanamke wa Kisomali huikunja na kuipakia ngamia akahama nayo, ilibaki huko huko porini. Ngamia wa kuibeba hakuwepo.

Nilikuwa nimemtandikia kitanda chumba cha mbele. Nimefukiza udi, nimeweka birika la chai. Akafika mlangoni, akaingiza kichwa, akatazama kulia, akatazama kushoto, akakitoa kichwa chake.

“Mimi habana lala hii,” akasema.

Niseme mapema kwamba mama mkwe alizungumza Kiswahili cha sokoni. P kwake ilikuwa b, v ilikuwa f, na kila kitu duniani, mbuzi kwa milango, wanaume kwa wanawake, alikipa “ya” moja kikatosheka. Lakini kuelewa, alielewa kila neno, hasa yale niliyonong’ona.

Usiku huo akalala uani na mbuzi. Na usiku wa pili. Nikamwambia mume wangu, mamako ananiaibisha, majirani watasema nimemfukuza. Akasema, “Mwache, atazoea.” Wanaume bwana! Kila jambo lisilowahusu litazoeleka.

Tatizo lenyewe halikuwa aibu. Tatizo lilikuwa kafyu. Jua likizama, askari walipuliza filimbi, na baada ya filimbi mtu anayeonekana nje hakuulizwa jina. Uani nako kulihesabiwa nje. Kibanda hakikuruhusiwa kujengwa, maana shifta, mwasi wa porini, angeweza kujificha humo. Ni ndani ya nyumba na mlango umefungwa, basi. Na mama yetu kila jioni alikuwa anatandika mkeka wake katikati ya mbuzi na kujilaza, hana habari na serikali.

Koplo wa zamu mtaani kwetu alikuwa kijana wa bara, mwembamba, mwenye kofia iliyomshuka masikioni. Magharibi moja alichungulia juu ya ua wetu akaona kitu kirefu kinainuka kati ya mbuzi. Akakoki bunduki. Mimi nilikuwa nimechungulia dirishani nikaona yote. Kumbe hicho kitu kirefu ni mama mkwe amesimama, anamfokea kwa Kisomali kwa kuwashtua mbuzi wake wakati wamekwisha kulala. Koplo akashusha bunduki. Asubuhi alikuja dukani akamwambia mume wangu polepole, “Mzee, mimi macho yangu wakati wa magharibi si mazuri. Nitakuja nimuue mama yako bure, halafu niende wapi mimi?”

Tangu siku ile nikawa sili nikashiba. Nilimwomba, nikambembeleza, nikalia mbele yake. “Mama, kwani nyumba yangu ina nini?” Ananijibu, “Nyeube.” Nikauliza, nyeupe tu? “Nyeube kama sanda.” Nikamuuliza, na ndani ya aqal kukoje? Hapo uso ukamlainika. “Giza. Baridi. Wewe ona watu, watu habana ona wewe.”

Aa! Kumbe ni rangi! Nilifurahi nikataka kucheza. Kama mama anataka giza, atapewa giza.

Lakini rangi ya kupaka haikupatikana Garissa. Malori yalikuja kwa msafara, yanalindwa mbele na nyuma, na yakija yalileta unga na vitu vya askari, si starehe za mwanamke wa Pwani. Nilikuwa na masalio ya chokaa kwenye pipa, na dukani kulikuwa na buluu ya kufulia, vile vidonge vya kuzifanya nguo nyeupe zing’ae. Nikavitwanga vyote. Mume wangu akauliza shati zake zitafuliwa na nini. Nikamwambia zitafuliwa na maji.

Nikachanganya, nikapaka kuanzia asubuhi mpaka mchana na tumbo langu mbele yangu. Na jamani, ile rangi ikiwa mbichi! Ilikuwa imeiva, nzito, rangi ya kaniki mpya iliyotoka kufunguliwa robota. Nilikaa chini nikaitazama nikajipongeza kwa sauti. Nikamwita mama aje aone. Akaja, akaona, akasema “Mm,” akarudi kwa mbuzi. Nikajisemea, kesho ataingia, ngoja ikauke.

Ikakauka. Asubuhi nilipofungua mlango wa chumba kile nilidhani paa limeng’oka. Chokaa ikikauka hurudi kwenye weupe wake hata uitie nini, na mimi nilikuwa silijui hilo. Kuta zote nne zilikuwa rangi ya mbingu isiyo na wingu.

Mtu asiyeishi Garissa miaka ile atasema, si rangi nzuri hiyo? Nzuri ndiyo. Ila ilikuwa rangi ya bendera ya Wasomali wa ng’ambo ya mpaka, ile ya samawati yenye nyota nyeupe katikati, ambayo ndiyo iliyokuwa sababu ya vita vyote vile. Mwanamke akijitanda mtandio wa rangi ile alisimamishwa njiani akaeleza aliupata wapi. Na mimi nimeipaka chumba kizima!

Na si hilo tu. Katikati ya ukuta kulikuwa na saa ya mume wangu, nami kwa uvivu sikuitungua, nilipitisha brashi kuizunguka. Sasa ndipo nikaitungua niipanguse. Nyuma yake kulikuwa na duara jeupe, na kingo zake, kwa vile brashi ilikuwa mbovu, zilitoka ncha ncha. Bado nimesimama na saa mkononi, koplo akaingia kwenye msako wake wa kawaida.

Aliutazama ukuta kutoka pembe hadi pembe. Kisha akavua kofia.

“Mama, hii ni nini?”

“Ukuta, afande.”

“Na ile pale katikati?”

“Pale palikuwa na saa.”

“Mimi sioni saa. Mimi naona nyota.”

“Nyota ina pembe, afande. Hilo ni duara.”

Akasogea, akaweka kidole, akaanza kuhesabu pembe. Mimi nikahesabu pamoja naye nikimpinga. Pembe tano tulikubaliana. Ya sita hatukuafikiana. Mimi nilisema ni pembe kamili, yeye alisema ni tone tu la rangi. Nilimbana sana kwenye ile ya sita, kwa sababu nyota ya bendera ina tano, na mume wangu alikuwa amesimama mlangoni uso wake umekuwa wa majivu.

Koplo akakata shauri. “Sikilizeni,” akasema. “Mkubwa wangu anakagua mtaa huu kesho jioni. Akiona hii, mzee analala kambini, na mimi niliyekuwa nikipita hapa kila siku nitalala pembeni yake. Kesho kabla ya filimbi rangi hii iwe haipo. Na yule mama awe ndani. Mimi napiga kelele kwanza. Mkubwa hapigi kelele.”

Alipotoka, mume wangu akasema turudishie chokaa. Nikamwonyesha pipa: tupu. Na hata ingekuwepo, chumba kikirudi cheupe mama hataingia, na kesho jioni mkubwa atapita na bunduki yake isiyopiga kelele. Rangi ya bendera ningeweza kuifunika hata kwa mikeka. Mama ningemfunika na nini? Usiku ule sikupata usingizi, nasikia mbuzi wakicheua uani na mama akikohoa katikati yao.

Alfajiri nikakumbuka wino. Nilipokuwa mdogo, chuoni kwetu Pwani tulikosomea Kurani, tuliandika kwenye mbao kwa wino tuliojitengenezea: masizi ya sufuria na gundi ya mgunga, ule mti wa miiba. Na wino ule ulikuwa hauchujuki mpaka uusugue. Chokaa haimo ndani yake hata chembe. Nikaruka kitandani. Mgunga uko tele Garissa, watoto hutafuna gundi yake kama peremende. Na masizi, kila nyumba inayo.

Nikashika kisu na karai, nikaenda mlango kwa mlango. “Hodi! Naomba masizi.” Majirani walinitazama usoni, wakanitazama tumbo, wakaelewa kwamba mimba imenipanda kichwani. Wakanipa. Mmoja aliniambia nimalizie na sufuria zake za ndani kabisa, nikazing’arisha zote bure, mshenzi yule. Nikarudi mweusi mpaka kwenye kope. Nikayeyusha gundi kwa maji ya moto, nikatia masizi, nikatia kidogo buluu iliyosalia. Ikawa nyeusi mno, ya kutisha. Nikatia jivu la mkaa ili ipoe, nikaonja kwa jicho, nikaongeza. Nikapaka kwenye kibao nikakiweka juani, nikakilinda nisiruhusu hata mbuzi kupumua karibu. Kikakauka. Rangi ikabaki pale pale: buluu, lakini buluu iliyotulia, rangi ya kaniki iliyokwisha kufuliwa na kuvaliwa ikawa ya mwenyewe.

Muda wote huo mama mkwe alikuwa ameketi uani anatoa maoni. Maji mengi. Gundi kidogo. Nakoroga kama mtu ya kubika uji. Sikumjibu, maana ningemjibu vibaya.

Nikaingia chumbani, nikapanda juu ya sanduku la sukari niufikie ukuta juu. Sanduku likayumba. Mume wangu akaruka akanishika kiuno. “Shuka,” akasema, “utamwangusha mtoto. Nipe, nitapaka mimi.” Akakunja mikono ya shati, akachukua brashi, akachovya, akapiga mstari wake wa kwanza.

Ukelele niliousikia nyuma yangu sijapata kuusikia tena maishani. Nilidhani tumevamiwa. Mama mkwe aliingia chumba kile mbio, nguo zake amezikusanya mkono mmoja, akampokonya mwanawe brashi na kumpiga nayo begani.

“Mwanaume!” akafoka. “Mwanaume najenga nyumba! Watu ikiona nitakufa mimi!”

“Mama, sijengi, napaka rangi tu.”

“Toka!”

“Mke wangu ni mjamzito...”

“Mimi iko! Toka nje!”

Akatoka. Alikuwa mtu mzima mwenye ndevu na duka, akaenda kukaa na mbuzi. Mama akanigeukia, brashi inamdondokea kwenye miguu, na hakutambua hata kidogo amesimama wapi. Nami sikuthubutu kumwambia. Nilimuuliza tu, polepole, kwani kuna ubaya gani.

Akanitazama kama nimeuliza maji ni nini. Nyumba zote alizolala tangu kuzaliwa, akasema, zilijengwa na mamake, na shangazi zake, na mikono yake mwenyewe. Mwanamke ndiye mwenye nyumba. Mwanamume hulala humo kwa kukaribishwa. Sasa nyumba hii yangu, miti alikata mwanamume, lipu akapiga mwanamume, chokaa akapaka mwanawe wiki ya harusi yetu, na buluu yangu ya juzi ilikuwa ya mkono mmoja tu, haijengi nyumba. “Wanaume najenga duka,” akasema. “Najenga jela. Najenga ofisi. Nyumba habana. Mimi nilale ndani ya kazi ya wanaume, mimi ni gunia ya sukari?”

Nilihisi damu inanipanda. Yarabi! Kiganja changu chote malengelenge, mume wangu karibu kufungwa, koplo wa watu karibu kufungwa, mimi mjamzito nimekwangua sufuria za mtaa mzima! “Mama,” nikamwambia, “kwa nini hukuniambia? Nilikuuliza, ukanijibu nyeupe!”

“Wewe uliza rangi. Mimi najibu rangi.”

Basi nilichanganyikiwa nikaanza kucheka, naye akanitazama kwa dharau, halafu akaenda uani akapiga yowe moja juu ya ua. Wanawake wakaja. Wale wale walionipa masizi wakidhani nimeingiwa na wazimu. Brashi ikatupwa, walipaka kwa viganja na vitambaa, kwa sababu ndivyo mikono ya mwanamke inavyoujua ukuta, mama akisimamia na kumkosoa kila mmoja. Waliimba nyimbo zao za kusimamisha aqal. Mimi nilikalishwa kwenye sanduku nikakatazwa kunyanyua kitu. Kila aliyepita karibu yangu alinipaka kidogo shavuni, eti nisijione mgeni.

Na ule ukuta ulipomalizika, tulirudi nyuma tukautazama. Joto lilikuwa limepungua, au macho ndiyo yalipumzika tukadhani joto limepungua. Pembe zilipotea, hujui chumba kinaishia wapi. Vikombe vyangu vyeupe, ambavyo juzi havikuonekana mbele ya chokaa, viling’aa kwenye rafu kila kimoja peke yake. Hata sura zetu zilipendeza, ingawa tulikuwa tumechafuka masizi mpaka kwenye meno.

Mkubwa alifika jua likishuka, koplo nyuma yake. Mtu mzito, masharubu yamechongwa. Akaingia, akasimama katikati.

“Mbona chumba cheusi hivi?”

“Si cheusi, afande,” nikamwambia. “Ni kaniki.”

Akageuka geuka akitafuta cha kulaumu asione, na kwa vile alikuwa ametembea mtaa mzima na kule ndani kulikuwa na ubaridi, akaegemea ukuta. Koplo akafumba macho. Upande ule gundi ilikuwa haijakauka. Mkubwa alipojitenga na ukuta, ulimwachia taratibu, kwa sauti. Akasema nyumba ni safi, akatoka akaenda zake na robo ya kazi yetu mgongoni, na hakuna aliyekuwa na moyo wa kumwambia.

Tukabaki uani. Mimi najiosha mikono kwenye karai, mume wangu anafunga mbuzi, koplo ameshikilia nguzo ya lango anacheka bila sauti mpaka kofia imemwanguka. Ndipo filimbi ikalia. Nikageuka haraka kumtafuta mama kwenye mbuzi wake, kama nilivyozoea kila jioni. Mkeka haupo. Mama hayupo.  Nikadhani tumempoteza, ametoka lango lile kumfuata mkubwa.

“Naa!” sauti ikatoka ndani ya nyumba. Ndivyo Wasomali wanavyomwita mwanamke wanapotaka asikie. “Nangoja nini habo nje? Ingia! Nataka kufunga mlango ya nyumba yangu!”

Akajitokeza kizingitini, uso wote masizi, akamwona koplo. “Na wewe, mtoto ya watu! Mama yako iko wabi? Kimbia, watakubiga risasi!” Koplo akaokota kofia yake akakimbia kweli, mkono mmoja kichwani.

Nikakimbilia ndani. Mume wangu alisimama pale uani na kamba ya mbuzi mkononi, machozi yanamtiririka kwenye ndevu, hajijui. Nikamwita mara mbili. Akaja polepole mpaka mlangoni pa nyumba yake mwenyewe, akasita, akabisha hodi.

“Karibu,” mama akasema. “Bangusa miguu kwanza.”